Homoni zimevurugika? Sawa, ipi?

Maswali ya safari hii karibu yote yana sentensi moja ile ile ndani yake, "nimeambiwa nina homoni imbalansi", na ukiuliza umeambiwa na nani, ni jirani, au kijana wa duka la dawa, au mtu wa kwenye grupu la Wasapu mwenye profaili ya majani mabichi. Mara chache sana unakuta ni mtu aliyekutoa damu akaipima. Homoni zinazojulikana mwilini zinapita 50, kwa hiyo anayekwambia zimevurugika muulize swali moja tu, ipi? Akishindwa kuitaja usitoe hela. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo sista. Nina miaka 29, nipo Mwanga hapa hapa Kigoma mjini, nina mtoto mmoja. Nilikuwa nachoma sindano ya miezi mitatu, ya mwisho nimechoma Januari nikaacha, sa hivi ni Agosti na sijaona siku zangu. Kuna dada kwenye grupu ameniambia damu yote hiyo imejikusanya kwenye kizazi, homoni zimevurugika, ana paketi ya kusafisha na kubalansi laki na themanini. Mume wangu ameshaanza kununa, anataka mtoto wa pili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki na themanini ikae kwanza, tuanze na hiyo damu iliyojikusanya maana hili naulizwa mpaka sokoni. Haipo. Hakuna damu iliyokaa popote inasubiri kusafishwa.

Damu ya mwezi ni ukuta wa ndani wa kizazi unaobomoka, na ukuta huo unajengwa na estrojeni inayotoka kwenye ovari. Ovari nazo hazijiamulii, zinasubiri amri ya pituitari, kitezi kidogo kinachoning'inia chini ya ubongo, na pituitari nayo ina bosi wake juu anaitwa haipothalamasi. Amri zenyewe ndo homoni, ni kemikali inamwagwa kwenye damu na damu inaizungusha mwili mzima, ila sio kila kiungo kinaitikia. Ni kama pale stesheni wakitangaza behewa fulani, wote mnasikia ila wanaonyanyua mabegi ni wenye tiketi ya behewa hilo tu. Na kinachofanya mfumo usizidishe ni kwamba pituitari inachungulia kwenye damu muda wote, ikikuta homoni ya chini imeshatosha inapunguza amri, ikikuta imepungua inaongeza.

Sasa sindano yako ina miligramu 150 za homoni iliyotengenezwa kufanana na projesteroni (homoni nyingine ya ovari), inakaa kwenye msuli inavuja kidogo kidogo. Pituitari ikiikuta kwenye damu inaacha kutuma amri ya kupevusha yai, yai hamna, estrojeni iko chini, ukuta haujengwi, basi hakuna cha kubomoka. Ndo maana wengi wakiizoea hawaoni damu kabisa, na hiyo sio ugonjwa. Tatizo watu wanadhani miezi mitatu ikiisha na dawa imeisha, hapana, miezi mitatu ni muda ambao tuna uhakika inazuia mimba, masalia yanaendelea kuvuja baada ya hapo. Uwezo wa kushika mimba kwa wastani unarudi miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho, wengine wanapita mwaka. Wewe una miezi saba. Hili ulitakiwa uambiwe siku ya kwanza kabla ya kuchoma, kwa sababu anayetaka mtoto karibuni ni bora kijiti au kitanzi, vile ukitoa uwezo unarudi haraka.

Kwa hiyo kwanza pima mimba. Usicheke, yai linatoka kwanza halafu damu ndo inafuata kama wiki mbili baadaye, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba kabla hajaona siku zake hata mara moja. Kama haipo, subiri, na mume wako msomee hii aya ya juu. Ikifika mwaka tangu uchome na bado kimya, nenda ukapime TSH (amri ya pituitari kwa tezi ya shingo), prolaktini (homoni ya maziwa), na altrasaundi. Ila usisubiri mwaka kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi, au kichwa kinauma na macho yanapungua kuona pembeni (prolaktini ikizidi inaweza kutoka kwenye uvimbe mdogo wa pituitari, na hata dawa fulani za kuzuia kutapika zinaipandisha), au kama hata kabla ya sindano siku zako zilikuwa zinaruka ruka na una ndevu kidevuni na chunusi zisizoisha. Hao wa mwisho wengi wao wana ovari zenye vifuko vingi, Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama mmoja kati ya wanawake kumi wa umri wa kuzaa, sio wachache, na pale homoni kweli zimepishana, testosteroni, ile homoni ya kiume, inakuwa juu na mara nyingi insulini pia. Hiyo ina matibabu yake, na kwa mwenye mwili mkubwa kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunaweza kurudisha siku zenyewe. Paketi ya kusafisha haimo.

SWALI: Habari za kazi sista. Mama yangu ana miaka 61, tupo Uvinza. Ana rovu shingoni tangu yeye msichana, halijawahi kumsumbua. Mwaka huu amekonda sana na anakula vizuri tu, tena anakula kuliko sisi, mikono inamtetemeka mpaka chai inamwagika, usiku anatupa shuka anasema joto, na moyo unamwenda mbio. Tumempima virusi na TB hana. Jirani anasema ni ugali wa muhogo, shangazi anasema ametupiwa kitu. Kwani sisi hapa si ndo kwenye chumvi, rovu linatoka wapi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Mlivyoelezea dalili ni vizuri kuliko fomu nyingi za rufaa nilizowahi kusoma. Hiyo mikono inayotetemeka na kukonda huku anakula, mwambie dokta apime TSH na thairoksini kabla hajafikiria kingine.

Tezi ya shingo inatengeneza thairoksini, na kila chembe ya thairoksini inahitaji atomi nne za madini joto. Yakikosekana, homoni inapungua, pituitari inaona pengo inaongeza TSH, na TSH kazi yake ni kuichapa tezi ifanye kazi zaidi, basi tezi inavimba miaka na miaka ikitafuta madini ambayo hayapo. Hilo ndo rovu. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250, ni kidogo mno, ya maisha yako yote haijazi kijiko cha chai, ila lazima yaingie kila siku.

Na kuhusu chumvi, ndio, Uvinza watu wamechemsha chumvi ya chemchemi zaidi ya miaka 1,000 na misafara iliibeba mbali, lakini chumvi kuwa chumvi haimaanishi ina madini joto ya kutosha, hata ile ya bahari haina, yanaongezwa kiwandani. Ile ya kupimiwa kwa kopo barabarani isiyo na pakiti huwezi kujua kama iliongezwa. Nunua iliyoandikwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Mgebuka na dagaa wetu ni watamu na wana protini ya kutosha ila samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wa baharini, kwa hiyo msijifariji na ziwa.

Jirani hajakosea sana. Muhogo una kemikali ambayo mwilini inageuka kuwa kitu kinachozuia tezi kuvuta madini joto. Ukilowekwa na kukaushwa vizuri kemikali inapungua sana, na mtu anayepata madini joto ya kutosha haimdhuru, inaleta shida pale madini yenyewe yakiwa machache. Msiache ugali wenu, badilisheni chumvi.

Sasa kwa mama. Rovu la miaka mingi linaota vinundu ndani, na baadhi ya vinundu vinafika mahali havisikii tena amri ya pituitari, vinamwaga thairoksini vinavyotaka. TSH unaikuta imeshuka karibu na sifuri maana pituitari imeshanyamaza, ila vinundu haviachi. Kila kitu mwilini kinakimbia, chakula kinaungua, moyo unakimbia, na kwa umri wake hofu yangu kubwa ni moyo. Mshike mkono chini ya kidole gumba mhesabu mapigo dakika nzima akiwa amekaa ametulia. Yakipita 100, au yakiwa hayana mpangilio, moja haraka moja limechelewa, msisubiri siku ya kliniki, mpelekeni hospitali ya mkoa Maweni apimwe na kipimo cha moyo, maana moyo wa namna hiyo unatengeneza mabonge ya damu na bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

Dawa zipo. Kabimazoli inapunguza utengenezaji wa homoni, propranololi inatuliza moyo na mitetemeko (kama ana pumu waambieni), na baadaye wanaweza kushauri upasuaji au madini joto ya mionzi, kwa hilo mtapewa rufaa kama ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Akiwa kwenye kabimazoli akapata homa na koo kuuma ghafla, aache kidonge siku hiyo hiyo na apimwe damu, hilo ni adimu ila likitokea linaua. Na tafadhali msimnunulie matone ya madini joto ya nguvu eti alikosa ujanani, tezi ya namna yake ukiipa mengi kwa mpigo inawaka zaidi. Shangazi mpeni shikamoo na muendelee na safari ya hospitali.

SWALI: Mimi ni mvulana wa miaka 14 nakaa Kibirizi. Nyuma ya chuchu kuna kibonge kinauma, upande mmoja na sasa cha pili kimeanza. Nikivua tisheti kuoga ziwani wenzangu wananiita dada. Je nageuka mwanamke?

JIBU: Hapana mwanangu, hugeuki. Balehe ikianza estrojeni na testosteroni vyote vinapanda (ndio, hata wanaume tuna, samahani, wana estrojeni) na kwa muda vinapishana mwendo, basi matiti yanavimba kidogo. Wavulana wengi sana linawatokea, hata hao wanaokucheka wapo ila wanavaa tisheti. Linaisha lenyewe ndani ya miezi 6 mpaka miaka miwili. Usikamue. Likiwa kubwa sana, au likitoa maji, au ukiona uvimbe kwenye korodani, mwambie mzazi mwende hospitali.

SWALI: Mama shikamoo, nina miaka 22 nipo Ujiji. Nilikuwa mwembamba nikapewa vidonge vidogo vya kunenepa vya kupimiwa kwenye karatasi, nakunywa viwili kwa siku mwezi wa tano sasa. Nimenenepa kweli ila usoni nimekuwa mviringo, tumbo limetoka na lina michirizi myekundu, miguu imebaki vijiti, na siku hazieleweki. Napaka pia krimu ya kung'arisha. Nataka kuviacha leo leo. Ni homoni?

JIBU: Marahaba binti. Ni homoni, ila haijavurugika yenyewe, unaimeza. Na usiviache leo leo. Hilo soma mara mbili.

Vidonge vidogo vya kunenepa vya kupimiwa kwenye karatasi mara nyingi sana ni deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, na ulivyojieleza uso, tumbo, michirizi na miguu, sina mashaka makubwa. Ni dawa nzuri hospitalini, inaokoa watu, shida ni nguvu yake. Juu ya kila figo una tezi inaitwa adrenali inayotengeneza kotisoli, homoni ya kukuamsha asubuhi, kushikilia presha na sukari, na kukuvusha siku ukiumwa au ukipata ajali. Kwa siku nzima tezi hizo zinatoa kama miligramu 10 mpaka 20. Deksamethasoni miligramu 0.75 peke yake ni sawa na miligramu 20 za kotisoli. Wewe umeongeza juu ya ile ya mwili, kila siku, miezi mitano. Mafuta yanahama kutoka mikono na miguu yanakaa usoni, shingoni na tumboni, ngozi inakuwa nyembamba inapasuka michirizi, misuli inaliwa, sukari na presha vinapanda. Kwa hiyo hujanenepa, umevimba na umepoteza misuli, samahani kwa kusema hivyo lakini wauzaji hawatakwambia.

Na sababu ya kutoacha ghafla ni ile ile pituitari. Imekuta kotisoli imejaa, imeacha kutuma amri, na adrenali zako zimelala muda huo wote zimesinyaa. Ukikata leo hakuna wa kutoa kotisoli. Ukipata malaria kesho kutwa presha inaweza kuanguka ukaishia chini. Nenda hospitali na vidonge vyenyewe mkononi, waambie bila aibu "nimekunywa steroidi miezi mitano", wapime sukari, presha na chumvi za damu, wakupangie kupunguza taratibu, inaweza kuchukua wiki au miezi. Katikati hapo ukianza kutapika, kizunguzungu ukisimama, kuishiwa nguvu kabisa, nenda usiku huo huo na sentensi hiyo hiyo mdomoni. Krimu nayo ionyeshe, maana mingi ya mkorogo ina steroidi kali inayopenya ngozini, mingine zebaki. Sura yako itarudi, michirizi itafifia ila haitaisha yote.

SWALI: Sista mimi ni baba wa miaka 48, Nguruka. Nguvu zimepungua mwaka huu. Nimeambiwa testosteroni imeshuka, nichome sindano?

JIBU: Umeambiwa au umepimwa, kaka yangu? Testosteroni inapimwa asubuhi kabla ya saa nne, maana jioni inashuka kwa kila mtu, na ikitoka chini inarudiwa siku nyingine kabla ya kuamini. Kwa umri wako, kabla ya testosteroni mimi ningetaka kuona sukari yako kabla hujala na presha yako, kwa sababu mishipa ya huko chini ni myembamba, inaziba mapema kuliko ya moyo, na wanaume wengi kisukari chao tumekijulia hapo. Sukari ya kufunga ikiwa 7.0 (mmol/L) au zaidi, na ikirudiwa hivyo, ni kisukari. Tazama pia sigara, pombe na madeni. Na kama bado unataka watoto hiyo sindano usiiguse bila mtaalamu, testosteroni ya nje inaizima pituitari na mbegu zinaweza kuisha kabisa.

SWALI: Asalaam aleykum. Mwanangu ana miaka 9, tupo kijijini karibu na Ilagala. Amegundulika sukari mwaka huu, anachoma insulini kila siku. Bibi yake naye ana sukari miaka mingi anakunywa vidonge tu, anasema sindano zitamzoesha mtoto, tumhamishie vidonge na majani. Na friji hatuna. Naomba ushauri.

JIBU: Waaleykum salaam mama. La bibi kwanza, na mwambie kwa adabu maana ananena kwa mapenzi. Sukari ya bibi na ya mjukuu zinafanana jina tu. Kongosho la bibi bado linatoa insulini ila mwili wake hauitikii vizuri, vidonge vinasaidia ile iliyopo. Kwa mtoto, kinga yake mwenyewe imeua seli zinazotengeneza insulini, haipo, na kidonge hakiwezi kusaidia kitu ambacho hakipo. Kuimeza pia haiwezekani, insulini ni protini, tumbo linaimeng'enya kama maharage. Watoto wa namna hii zamani walikufa wote, mpaka Januari 1922 huko Toronto, Kanada, walipomchoma kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Kwa hiyo haimzoeshi, inamweka hai. Hata siku akikataa kula au akiwa na homa msiiache kabisa, mpigieni simu mhudumu wake awape dozi ya siku hiyo. Akitapika, akapumua haraka haraka kwa nguvu na pumzi ikanukia kama tunda lililoiva sana, ni hospitali bila kuaga. Akitetemeka na kutoka jasho jembamba, hiyo imeshuka, sukari vijiko vitatu kwenye maji au soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15.

La friji lisikukoseshe usingizi. Chupa zisizofunguliwa zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, hizo zikae kituo cha afya na uchukue moja moja. Iliyofunguliwa inakaa nyumbani wiki nne. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini kwa joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, lile la kambi ya Dadaab huko Kenya, na matokeo waliyotoa 2021 yalionyesha baada ya wiki nne bado ina nguvu yake. Na wewe unaweza kufanya vizuri kuliko hapo. Chukua vyungu viwili vya udongo, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, mwagia maji mchanga huo asubuhi na jioni. Chupa ifunge kwenye mfuko wa plastiki mkavu, iweke kwenye chungu cha ndani, funika na kitambaa kibichi, na vyungu vikae kivulini panapopita upepo, sio jikoni na sio dirishani. Ukiingiza mkono utasikia ubaridi wake.

Usiiweke juu ya barafu ya wavuvi, ikiganda hata mara moja imekufa, tupa hata kama imeyeyuka inaonekana nzima. Ile inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu usiichome, na ile ya maziwa maziwa izungushe taratibu viganjani, ikibaki na mabonge nayo usiichome. Siku unayofungua chupa andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye lebo, wiki ya nne ikiisha fungua nyingine hata kama ya zamani imebaki nusu.